Kalamu Zilizobarikiwa

Geti la Sekondari ya Nyarukwe lilifungwa Ijumaa mchana, na Kevina Candiru akiwa ndani. Ndiyo desturi ya shule hiyo ya serikali iliyo nje kidogo ya mji wa Koboko, Uganda: mwisho wa wiki kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, hatoki mtu wala haingii mtu mpaka Jumapili jioni, isipokuwa padri na shehe, ili minong'ono ya mtaani isiwafikie watahiniwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Candiru, aliyefanya upelelezi wa polisi Arua miaka mingi kabla ya kuacha na kujiajiri, alijikuta amefungwa na watu wanaomkaribisha chai kila anapogeuka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi ukiitazama kwa mbali. Wazazi kadhaa wa mtaa wa Ediofe, Arua, wakiongozwa na mfanyabiashara mmoja aitwaye Soro, walichoka kulipa shule za watu binafsi, na walisikia kwamba Nyarukwe imeng'ara kwenye matokeo kwa miaka mitatu mfululizo. Walimtuma Candiru akaangalie matokeo yanatoka wapi, wanafunzi wanapokelewaje, na majengo yakoje, kisha arudi awaambie kama kinachong'aa ni dhahabu au ni bati jipya.

Lakini Candiru alikuwa na lake moyoni ambalo Soro hakulijua. Ronnie, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa mmoja wa watahiniwa hao. Aliyempeleka shuleni alikuwa mjomba wake, na jina la Candiru halikutajwa, kwa hiyo alimwonya kijana mapema: wakikutana uwanjani, ampite kama anavyompita mgeni yeyote. Ronnie alitii vizuri mno, kiasi cha kumchoma mama yake mlezi kidogo.

Jumamosi asubuhi alianza kukagua. Mabweni yalikuwa safi, tangi la maji limejaa, vyoo vinavumilika. Maabara ilikuwa na hadubini zilizofunikwa kitambaa cha meza kilichodariziwa maua, na alipokifunua aliona lenzi hazina hata alama ya kidole. Akalitia hilo akilini. Vifaa visivyoguswa na matokeo ya juu ya sayansi ni mambo mawili yasiyolala kitanda kimoja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa mamluki, yaani watu wazima wanaoletwa kufanyia wengine mtihani. Alipita bweni la wavulana akiangalia ndevu. Alipomwona kijana mwenye mabega ya mbeba mizigo, alimuuliza wanafunzi wanamwitaje mpishi wa shule kwa siri. Kijana akacheka, akamtajia jina lisiloandikika. Aliwauliza wengine watano swali hilo, na wote walijibu bila kufikiri. Hawa walikuwa wamekula posho, yaani ugali wa mahindi, na maharagwe ya Nyarukwe kwa miaka, si mamluki. Wazo likafa hapo hapo.

Alimgeukia naibu wa mwalimu mkuu, Akram, mtu mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni, aliyekuwa akimfuata kila mahali kwa heshima iliyopitiliza. Alimuuliza wanachagua vipi wanafunzi wa kupokea. Akram alisema hawachagui. Mtoto wa Koboko, wa Arua, wa kambi za wakimbizi, wote wanaingia, kwa sababu serikali haitaki mtoto akataliwe.

"Na wote wanafaulu?"

"Wanasoma kwa nguvu, mama. Na tunaomba Mungu."

Candiru alitabasamu. Maishani mwake hakuwahi kuona mlango mpana wa kuingilia ukaishia kwenye foleni nyembamba namna hiyo ya kutokea, isipokuwa kuna mahali katikati ambapo watu wanatolewa. Alitaka kupaona mahali hapo.

Alipaona katika maombi ya mchana huo.

Maombi ya watahiniwa ni jambo zito upande huu wa nchi. Mzazi anaweza kushindwa kuja kumtazama mtoto mwaka mzima, lakini kalamu za mtihani ataleta au atatuma, zimefungwa pamoja kwa uzi, ziombewe. Ukumbi wa Nyarukwe ulijaa. Mwalimu mkuu, Celestino, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, alisimama mbele na kuita mabenchi moja baada ya jingine. Vijana walisogea mbele wakiwa wameinua kalamu juu. Padri akawanyunyizia maji, na Waislamu wakaenda upande wa shehe kuombewa dua. Ronnie alikuwa benchi la pili. Candiru alimwona akifumba macho, akainamia mkoba wake ili furaha yake isionekane.

Kisha Celestino akafunga maombi, na mabenchi ya nyuma hayakuitwa.

Hakuna aliyenung'unika. Akram aliwaashiria wa nyuma wainuke, akawatoa kwa mlango wa pembeni kwenda kufyeka nyasi za uwanja. Walipopita karibu naye, Candiru aliona mikononi mwao kalamu zilizofungwa uzi, na mifuko ya plastiki yenye bikari na rula. Msichana mmoja mrefu alikuwa amezishika zake kifuani kwa mikono miwili. Celestino, aliyesimama mlangoni akiwaaga, alitazama viatu vyake mpaka wa mwisho wao alipotoka.

Candiru alimuuliza Akram wale ni nani.

"Sinia three," alisema Akram haraka. "Walikuja tu kuangalia wenzao."

Mtu haendi harusi ya jirani amevaa shela. Wa kidato cha tatu hana haja ya kalamu za kuombewa, na hana haja ya bikari mpya wiki ya mtihani wa wengine. Candiru alisubiri Akram aitwe ofisini, akakata kupitia nyuma ya jiko hadi uwanjani.

Yule msichana mrefu alikuwa ameacha kufyeka, anakunywa maji kwenye bomba la tangi. Aliitwa Keji. Familia yake ilitoka Sudani Kusini akiwa mdogo, na sasa wanaishi kambini upande wa Omugo na mjomba wake, Tombe. Alimsalimia Candiru kwa kupiga goti kidogo, kisha akasimama akingoja, kama mtu aliyezoea kuhojiwa na wenye madaftari na fulana za mashirika.

"Mwanangu, wewe uko darasa gani?"

"Sinia foo, mama. C."

"Mbona hukuenda mbele na kalamu?"

"Mwalimu alisema sisi wa C tutafanyia mtihani Arua, kwa shule ingine. Lori itakuja kesho. Kalamu yetu itaombewa huko huko."

Candiru alimuuliza shule hiyo ya Arua inaitwaje. Keji hakujua. Alimuuliza nani alimpiga picha ya usajili, maana kila mtahiniwa hupigwa picha. Hakuna aliyempiga. Waliambiwa itatumika ile ya kitambulisho cha shule. Alimuuliza tangu lini yuko mkondo wa C, na hapo msichana akainama.

"Mimi nilikuwa A. Nilikuwa wa kwanza kwa hesabu. Mwezi wa tatu Mwalimu Akram akakuja darasani, akasema, Keji, beba vitu yako, enda C."

"Ulikosa nini?"

"Hata mimi niliuliza. Alisema ni mpango ya ofisi."

Kisha, bila kuulizwa, akaongeza lililomfanya Candiru aufunge mkoba wake polepole. Nyumbani kwao shule inakwenda kwa zamu. Mjomba Tombe anaweza kusomesha mmoja tu kwa wakati mmoja, na zamu ya Keji inaisha na mtihani huu. Mwaka ujao anaingia mdogo wake. Akifaulu, kuna watu kambini wanaosaidia waliofaulu kuendelea. Asipofanya, amekwisha. Hakuna zamu ya pili.

Candiru aliondoka pale na hasira safi, ya zamani, ile iliyomfanya aingie polisi akiwa msichana. Mambo yote yalijipanga. Shule inapokea kila mtu. Kidato cha nne kikikaribia usajili, wenye kasoro wanasukumwa C na kusajiliwa kwingine, wakafeli kwa jina la shule nyingine, na Nyarukwe inabaki na wanaong'ara tu. Ilibaki kujua kwa nini mwaka huu hawakupigwa hata picha. Na ilibaki kujua msichana wa kwanza kwa hesabu alifuata nini huko.

Celestino alikuwa ofisini, amevua koti. Candiru hakukaa.

"Mwalimu, kwa nini hukuwaita wale watoto mbele?"

"Watoto gani?"

"Wenye kalamu."

Mwalimu mkuu alifuta uso kwa kiganja. Alitazama dirishani, ambako ng'ombe wa jirani walikuwa wakila ua wa shule.

"Afande," alisema mwishowe, "mzazi naweza danganya. Mzazi ni mutu tu. Lakini padri amwage maji ya Mungu juu ya kalamu ambayo haina karatasi? Hiyo nilishindwa."

Basi ilikuwa hivyo. Mtu huyu aliwadanganya wazazi, wanafunzi na wilaya nzima, kisha akajifichua mwenyewe mbele ya ukumbi uliojaa kwa sababu aliogopa kubarikisha uongo. Angewaita wale wa nyuma wakanyunyiziwe pamoja na wengine, Candiru angerudi Arua na ripoti nzuri. Kwa mara ya kwanza alimhurumia kidogo, na huruma hiyo ikamkera.

Celestino alieleza mengine bila kusukumwa. Shule ndogo iliyokuwa ikiwapokea wa C kila mwaka ilifungwa kabla ya usajili kukamilika. Alitafuta nyingine, akakosa, siku zikaisha, na akaona aibu kusema. Wa C hawakusajiliwa mahali popote. Lori la kesho lingewapeleka Arua, na huko ingetokea kile alichokiita machafuko ya majina, na lawama zingepotea njiani.

Candiru alimuuliza kama bado wanaweza kusaidiwa. Wanaweza, alisema, lakini ni baraza la mitihani lenyewe linaloweza kuamuru wapewe karatasi Jumatatu, nalo haliwezi kuamuru bila taarifa ya polisi. Na taarifa ya polisi ikifika, kituo chote cha mtihani cha Nyarukwe kitachunguzwa. Matokeo ya watahiniwa wote yatazuiliwa mpaka kesi iishe, mwaka mmoja au zaidi, na yeyote aliyeingizwa kwa njia ya panya atafutwa.

"Basi nitapiga simu," alisema Candiru, na mkono ukaenda mkobani. Hapo ndipo neno moja lililokuwa likimkwaruza sikio tangu aingie lilipomfikia. "Umeniita afande. Mimi sikukwambia nilikuwa polisi."

"Hapana. Ronnie ndio aliniambia."

Candiru alikaa.

Celestino hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya vipindi. Mwezi wa tatu Ronnie alikuwa C. Kijana mzuri, mpole, lakini hesabu zimemshinda. Ofisi huwaita wa C mmoja mmoja na kuwauliza watu wao ni nani, ili wajue mzazi yupi atakuja kupiga kelele. Ronnie akasema amelelewa na Kevina Candiru wa upelelezi, Arua.

"Mutoto mumoja dhaifu haiharibu matokeo. Lakini polisi anaweza haribu shule. Tulimuingiza A. Na nafasi zilikuwa zimejaa, afande. Ili huyu aingie, mumoja atoke. Tuliangalia nani hana mutu wa kuja kugonga meza hapa."

"Keji."

"Keji."

Celestino alisukuma kiti nyuma, akamfungulia mlango wa ofisi kwa adabu. "Simu yako uko nayo. Sikuzuii. Piga."

Candiru alitoka nje. Alitembea mpaka getini bila kujua anakwenda kufanya nini, akalikuta limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi akamwambia kwa upole arudi, mama, mpaka kesho jioni. Kama mnyororo ungekuwa ndio uliomzuia, angeuruka ukuta, maana umri haukuwa umemfikisha mbali hivyo. Lakini hata geti lingekuwa wazi, lililomfunga lingetoka naye. Mtego wa panya hunasa aliyekuwamo na asiyekuwamo, na yeye hakujua tena yuko kundi gani. Alimwapia dada yake, siku chache kabla hajafa, kwamba huyu mtoto atasoma. Alimfundisha kusoma mezani kwake. Alimnunulia kalamu zile yeye mwenyewe.

Alitafuta mahali penye mtandao. Koboko ni mji wa mipakani, na simu ilimkaribisha Kongo mara mbili kabla ya kukubali kwamba iko Uganda. Alimpigia Soro kwanza, kwa sababu Soro ndiye aliyemtuma, na kwa sababu alitaka mtu mwingine aseme neno ambalo yeye hakuweza kulisema. Alimweleza yote isipokuwa Ronnie. Soro alisikiliza, akaguna, akasema ni mambo mabaya sana. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitambaa:

"Sasa, dada, watoto wetu wakienda huko, tufanye nini ndio wasiwekwe hiyo C?"

Candiru alikata simu bila kumjibu. Alijua kwamba swali la Soro halikuwa mbali na lake mwenyewe.

Ilibaki njia moja ya kutokea, na aliijua kuwa ni ya mwoga hata alipokuwa akiielekea. Kama Ronnie hakujua. Kama alihamishwa tu darasa, kama mzigo, bila kuelewa kwa nini, basi kijana hana kosa, na mtu asiye na kosa haadhibiwi. Candiru angeweza kutafuta namna. Angeweza kumsomesha Keji kwa fedha yake mwaka ujao, amtafutie shule nyingine, amwombe Tombe asubiri. Alijipa sababu nzuri sana, moja ikishika mkono wa nyingine, mpaka akafika bwenini.

Alimwita Ronnie nje, nyuma ya jengo, ambako mashuka yalikuwa yameanikwa. Kijana alitazama huku na huku, bado akicheza ule mchezo wa kutomfahamu.

"Acha hiyo," alisema Candiru. "Keti."

Ronnie aliketi kwenye ukingo wa msingi. Candiru alibaki amesimama, na alipofungua mdomo, sauti iliyotoka haikuwa ya nyumbani.

"Mwezi wa tatu ulikuwa darasa gani?"

"C."

"Nani alikutoa?"

"Mwalimu mkuu. Aliniita ofisini, akaniuliza mtu yangu ni nani. Nikamwambia ni wewe. Kesho yake wakaniambia niende A."

"Ulijua kuna mtu alitoka ili wewe uingie?"

Candiru aliwahi kuhoji wezi wa ng'ombe, na mtu aliyemuua ndugu yake mwenyewe, na hakuwahi kumwombea mtu aseme hapana kama alivyoomba wakati huo.

"Nilijua, mama."

"Ulimjua ni nani?"

"Ni Keji. Tangu sinia one tulikuwa tunakaa dawati moja. Hesabu yote ninajua, yeye ndio alinifundisha." Alimeza mate. "Nikisema, wangenirudisha C. Nikaogopa wewe utalia."

Candiru hakulia. Alihisi tu kwamba sababu zote alizozibeba kutoka getini zimeanguka, na kwamba huyu ni mtoto wake kweli, kwa sababu amefanya kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa akijiandaa kufanya. Aliketi kando yake. Akatoa simu, akatafuta namba ya Angelo, aliyeanza naye kazi ya polisi na ambaye sasa aliongoza upelelezi wa Koboko. Ronnie alikitazama kidole chake kikibonyeza, na hakuuliza anampigia nani.

Angelo alipokea mara moja. Candiru alimweleza kwa mpangilio, kama alivyofundishwa: shule ipi, nani aliamua, wangapi hawana karatasi, na kwamba ikifika Jumatatu asubuhi itakuwa imechelewa. Angelo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kesi ya maneno matupu baraza halitaisikiliza, wikendi kama hii, kutoka Koboko.

"Unataka mtu aliyekuwa ndani," alisema Candiru.

"Ndiyo. Mmoja wa hao hao wa mbele, akubali alivyoingia. Ataumia, lakini bila huyo sina kitu. Uko naye?"

Candiru alimtazama kijana. Alikuwa ameibana mikono katikati ya magoti, lakini hakuwa ameinuka.

"Niko naye," alisema. "Ni mtoto wangu."